Wasomaji Wanauliza: Kumbukumbu za Uchimbaji na Tafsiri ya Akiolojia

Barua za toleo hili nyingi zimetoka kwa wanafunzi na wasaidizi wa uchimbaji. Karibu zote zinauliza jinsi fomu, michoro na lebo za uwanjani zinavyoamua yale tutakayosema baadaye kuhusu watu wa kale. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

SWALI: Makazi ya kale ya Çatalhöyük kule Uturuki yalichimbwa na Mellaart, kisha na Hodder, na maelezo yao hayafanani. Udongo si ule ule? Nani kakosea? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili)

JIBU: Udongo ni ule ule, ila kila mmoja aliutoa ardhini kwa namna yake. James Mellaart alichimba misimu minne kati ya 1961 na 1965, akafungua vyumba vingi kwa haraka. Vyumba vyenye michoro ukutani na mafuvu ya ng'ombe yaliyopakwa plasta aliviita vya ibada. Visivyo na mapambo akavihesabu kuwa nyumba za kawaida.

Mradi wa Ian Hodder ulianza 1993 na ukadumu robo karne. Huko sakafu haikuondolewa kama kitu kimoja. Iligawanywa vipande vidogo, udongo wa kila kipande ukaeleshwa majini, na masalia yakachambuliwa punje kwa punje. Vipande vingine vya sakafu viligandishwa kwa resini, vikakatwa vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Katika vyumba vya aina ile ile iliyoitwa ya ibada yakaonekana majivu ya jikoni, vibanzi vidogo vya obsidiani (jiwe la volkano linalofanana na kioo) na mabaki mengine ya kazi za kila siku, pamoja na plasta iliyopakwa upya mara nyingi sana. Tafsiri ikageuka: hizi ni nyumba ambamo watu waliishi, walipika, walizika wafu wao na kufanya ibada, yote chini ya paa moja.

Kumbuka kwamba sakafu inayotumika hufagiwa. Vitu vikubwa hutolewa nje na wenyewe, hubaki kile kilichopita chini ya ufagio: chembe za milimita moja au mbili zilizokanyagwa zikazama. Mchimbaji anayeokota kwa mkono anaona chumba kitupu na safi, na chumba kitupu chenye mapambo hakikawii kuitwa hekalu. Chumba cha mita 4 kwa 4 kikigawanywa miraba ya sentimita 50 kinatoa sampuli 64. Weka uzi na namba za miraba kabla ya mwiko kugusa sakafu. Ukikumbuka sampuli wakati nusu ya sakafu imekwisha kwenda kwenye ndoo, ramani ya shughuli za chumba hicho huwezi kuipata tena.

SWALI: Kiongozi wetu anataka tuchimbe levo (ngazi bapa zenye kina sawa) za sentimita 10 kila mahali. Msaidizi wake anasema huo ni uvivu. Tumfuate yupi?

JIBU: Inategemea mnachokiona. Kwenye mchanga mnene wa rangi moja, au pangoni ambako matabaka hayaonekani, levo za sentimita 10 ni njia halali, na zikiwa za sentimita 5 ni bora zaidi. Tatizo huanza pale tabaka linapoonekana na bado likapitishiwa levo bapa.

Piga hesabu. Mraba una upana wa mita 2. Kuna mpaka mmoja mkali kati ya tabaka la zamani lenye vigae vya aina A na tabaka jipya lenye aina B. Mpaka huo umeinama: upande mmoja uko kina cha sentimita 20, upande wa pili sentimita 40. Ukichimba levo bapa, levo ya sentimita 10 hadi 20 itakuwa na B tupu. Levo ya 20 hadi 30 itachukua robo ya udongo wa zamani na robo tatu za mpya. Ile ya 30 hadi 40 itakuwa kinyume chake, na chini ya 40 ni A tupu. Kama vigae vimetapakaa sawasawa, jedwali lako kutoka chini kwenda juu litaonyesha aina A ikishuka hivi: asilimia 100, 75, 25, 0. Msomaji wa ripoti ataona mabadiliko ya polepole, watu wakijifunza ufinyanzi mpya kidogo kidogo. Ardhini palikuwa na mkatiko wa ghafla, pengine hata kuhama kwa watu. Ule mteremko mzuri wa grafu umetengenezwa na levo.

Kwa hiyo chimbeni kwa tabaka, na tabaka likizidi sentimita 10 ligawanyeni ndani yake kwa kufuata mwinamo wake. Levo bapa zikilazimika, basi mpaka ukijitokeza katikati ya levo fungueni mifuko miwili, tuseme 3A na 3B kwa levo ya 3, hata kama fomu ina nafasi ya mfuko mmoja. Pimeni vimo vitano juu na vitano chini ya kila levo: pembe nne na katikati. Halafu kila baada ya levo mbili safisheni ukuta mmoja wa shimo kwa mwiko mkauangalie. Kusubiri hadi mwisho ndipo muuchore ukuta ni kugundua makosa wakati hayatibiki.

SWALI: Tumepata kigae cha kaure chini ya sakafu ambayo tuliamini ni ya karne nyingi kabla ya kaure kufika hapo. Je, tuisogeze tarehe ya sakafu karibu na sasa?

JIBU: Kabla ya kugusa tarehe, tafuteni shimo. Mara nyingi mtu wa baadaye alichimba akapita katikati ya sakafu, akafukia kwa udongo ule ule alioutoa, na rangi hazitofautiani. Kwaruzeni eneo zima kwa mwiko mkirudi nyuma, ili msikanyage palipokwisha kusafishwa. Nyunyizieni maji kidogo kwa pampu ya mkono, kisha subirini. Udongo uliofukiwa huwa umelegea na haukauki kwa mwendo mmoja na udongo uliokaa, kwa hiyo duara huonekana dakika chache baadaye na kutoweka tena. Lichoreni kwa ncha ya mwiko papo hapo. Saa za jua la chini, asubuhi au jioni, ndizo nzuri. Duara likishapatikana, ondoeni nusu moja tu ya kijazo (udongo uliolijaza shimo), choreni wima wake, ndipo mmalizie nusu ya pili.

Sasa namba. Wengi huupa namba udongo uliojaza shimo na kulisahau shimo lenyewe. Lakini kuchimba ni tendo, na tendo hilo lina wakati wake. Lisipopewa namba halipo kwenye karatasi, na mtu wa maabara miaka kumi baadaye hawezi kulikisia. Tuseme sakafu ni (109), shimo ni [112], kijazo chake ni (111), na tabaka lililofunika vyote ni (104). Shimo [112] linakata (109), (111) inajaza [112], (104) inafunika (111). Kaure ikiwa imetoka (111), basi ni ya baada ya sakafu na kabla ya (104), na tarehe ya sakafu haiguswi.

Mchoro wa namba hizi kwa visanduku na mistari uliasisiwa na Edward Harris mwaka 1973. Una mahusiano ya aina tatu tu: kimoja ni cha baadaye kuliko kingine, viwili vilikuwa kitu kimoja kabla ya kutenganishwa, au havina uhusiano wa moja kwa moja. Mistari inayorudia jambo lililokwisha kusemwa na mistari mingine hufutwa. Uchoreni kila jioni mkiwa bado hapo. Ukijizungusha, yaani (104) ikawa juu ya (111) na (111) ikawa juu ya (104), kuna mtu kakosea uhusiano mmoja, na kesho asubuhi udongo bado upo wa kukagua.

Jambo la pili kuhusu kijazo: kitu kipya kuliko vyote ndani yake ndicho kinachosema shimo halikujazwa kabla ya wakati fulani. Vigae vya kale vilivyomo humo ni udongo uliohamishwa tu. Na kama mfuko wenu ulikusanya levo nzima bila kutenga duara, andikeni wazi kwamba upo uwezekano wa mchanganyiko, kigae hicho msikitumie kwa tarehe. Panya na fuko nao huchimba, tena bila kuacha duara safi. Matundu yao yachoreni kwenye mpango (mchoro wa eneo likitazamwa kutoka juu) kama mnavyochora shimo la nguzo.

SWALI: Kwenye fomu, tafsiri iandikwe mwanzo au mwisho?

JIBU: Mwisho, na kwenye kisanduku chake. Mpangilio uliozoeleka kwa tabaka ni huu: ugumu, rangi, aina ya udongo, vilivyomo ndani na wingi wake, unene na upana, mpaka wake uko wazi kiasi gani, halafu zana zilizotumika na hali ya hewa. "Lilichimbwa kwa sululu, udongo umelowa" ni taarifa muhimu sana kwa atakayeshangaa mbona hakuna shanga.

Ukianza na "shimo la taka", mkono wako umeshaamua. Taka hazichukuliwi sampuli kwa uangalifu, hazipigwi picha kwa ngazi, na vipande vya chungu kilichopangwa kwa makusudi chini ya shimo hutupwa pamoja kwenye mfuko mmoja. Andika "shimo la duara, kipenyo sentimita 80, kina sentimita 45, kuta wima, chini bapa". Hapo mwingine anaweza kuja kusema lilikuwa ghala la nafaka. Hatutaki kukuzuia usitafsiri uwanjani, la hasha. Mtu aliye na mwiko mkononi ndiye anayeona zaidi. Tunataka tafsiri yako iweze kupingwa kwa kutumia maelezo yako mwenyewe.

SWALI: Chekeche la tundu kiasi gani linatosha?

JIBU: Swali la kwanza ni unatafuta nini. Tundu la milimita 10 linakamata vigae na mifupa mikubwa. Milimita 5 au 6 ndiyo ya kawaida kwenye miradi mingi. Mifupa ya samaki, meno ya wanyama wadogo na shanga hutaka milimita 2 hadi 3, na mara nyingi kuchekecha kwa maji. Mbegu zilizoungua huhitaji kueleshwa: udongo unatiwa kwenye pipa la maji, kinachoelea kinanaswa kwa wavu wa robo ya milimita hivi, kinachozama kinabaki kwenye wavu wa milimita 1. Lita 40 kwa tabaka ni kiasi kinachopendekezwa sana. Tabaka likiwa dogo kuliko hapo, chukua lote.

Majaribio ya Sebastian Payne, yaliyochapishwa 1972, yalionyesha wazi kwamba mkono bila chekeche huokota ng'ombe kuliko kondoo na mbuzi, na mifupa midogo huipoteza karibu yote. Ukiyaamini mafungu hayo utaandika kwamba watu wale walikuwa wafugaji wa ng'ombe.

Kosa baya zaidi ni kubadili tundu katikati ya kazi bila kuandika. Ikiwa mvua imenyesha, wavu wa milimita 3 ukaziba kwa udongo mfinyanzi, na wafanyakazi wakahamia wa milimita 6, basi kuanzia tabaka hilo samaki watatoweka. Ripoti itasema watu waliacha kula samaki. Kwa hiyo tundu la wavu liandikwe kwenye lebo ya kila mfuko, si kwenye utangulizi wa daftari tu, na idadi ya ndoo ihesabiwe. Vigae 60 kutoka ndoo 6 za lita 10 na vigae 60 kutoka ndoo 30 ni matokeo mawili tofauti kabisa, ingawa kwenye jedwali la idadi yanafanana.

SWALI: Watu wawili wanasoma rangi tofauti kwenye kitabu cha Munsell, kile cha sampuli za rangi za udongo. Tuandike ipi?

JIBU: Lowesheni udongo kwanza, kwa sababu mkavu husomeka mweupe zaidi. Someni kwenye kivuli cha mchana, bila miwani ya jua, na asome mtu mmoja kwa mraba mzima. Tofauti ya hatua moja, kama 10YR 4/3 na 10YR 3/3, isiwanyime usingizi. Rangi peke yake haitoshi kutenga matabaka. Mwiko unaosikia udongo umebadilika ugumu mara nyingi huwa sahihi kuliko kitabu.

SWALI: Mbona wengine huacha kingo za udongo kati ya miraba na wengine wanafungua uwanja mzima? Je, ni mtindo tu?

JIBU: Kila njia inaonyesha kitu na kuficha kingine. Mfumo wa miraba yenye kingo ulienezwa na Mortimer Wheeler, na Kathleen Kenyon akautumia Jericho miaka ya 1950. Ukingo unakupa ukuta wa wima wa kusoma wakati wote, na hilo ni jambo kubwa mahali penye matabaka mengi. Bei yake ni eneo. Mraba wa mita 5 ukiacha ukingo wa mita 1, unachimba mita 4 kwa 4, yaani mita za mraba 16 kati ya 25. Asilimia 36 haionekani. Nyumba za mawe zinastahimili, maana ukuta ukiingia ukingoni unajua utatokea upande wa pili. Nyumba za miti hazistahimili: mashimo matano ya nguzo kwenye mraba huu na manne kwenye ule hayatoi umbo lolote.

Wroxeter, Uingereza, ni mfano unaorudiwa sana. Kuanzia 1966 Philip Barker alifungua eneo pana juu ya magofu ya basilika (ukumbi mkubwa) ya bafu za Kirumi, akasafisha kifusi jiwe kwa jiwe na kukichora chote. Kifusi ambacho mtaro mwembamba ungekipita kama takataka za kubomoka kilionekana kuwa na mipaka iliyonyooka, nacho akakisoma kama misingi ya majengo ya miti yaliyosimama baada ya utawala wa Roma kuondoka. Wapo wanaopinga usomaji huo hadi leo, na wanaweza kupinga kwa sababu mawe yenyewe yamechorwa.

Kwenye maeneo ya mijini, London hasa, miaka ya 1970 walichukua njia nyingine: kila muktadha, yaani kila tabaka, shimo au kijazo chenye namba yake, unachorwa peke yake kwenye karatasi yake angavu yenye gridi ya mita 5 kwa 5, na karatasi zinapangwa juu ya nyingine kuona kipi kilikata kipi. Inafaa sana pale matabaka yanapoanza na kuishia ovyo. Ila usipochora muktadha mmoja kabla ya kuuondoa, mnyororo mzima hapo umekatika, na hakuna ukuta wa pembeni wa kukuokoa.

SWALI: Vimo vya sakafu moja vimetofautiana sentimita 6 asubuhi na jioni. Ni sakafu mbili?

JIBU: Yawezekana ni miguu ya chombo cha kupimia vimo iliyozama. Kimo cha chombo ni alama ya kimo (sehemu isiyohama yenye kimo kinachojulikana) jumlisha usomaji wa kwanza wa fimbo ikiwa juu ya alama hiyo: 12.40 + 1.35 = 13.75. Kimo cha sakafu ni hicho toa usomaji wa fimbo: 13.75 − 2.18 = 11.57. Kama chombo kimeshuka au kimehamishwa na mtu akaendelea na 13.75, vimo vyote vya mchana vimekosewa kwa kiasi hicho hicho. Malizeni kila kipindi kwa kurudi kwenye alama. Ikitofautiana zaidi ya sentimita 1, rudieni.

SWALI: Tunatengeneza modeli za pande tatu kwa picha. Bado kuna haja ya penseli? (Msimamizi wa mraba)

JIBU: Ipo, ingawa si kwa kazi zote. Kwa umbo la ukuta wa mawe, kaburi au kifusi, picha zinashinda mkono kwa kasi na kwa usahihi. Kwa mpango wa 1:20 mstari wa penseli wa nusu milimita tayari ni sentimita 1 ardhini, na mtu aliyechoka huongeza nyingine mbili. Hakikisheni picha zinapishana asilimia 60 hadi 80, mwanga uwe wa mawingu au kivuli kinachofunika eneo lote, na alama za udhibiti zisiwe chini ya tano, zilizopimwa kwa mashine na kutawanywa hadi pembezoni. Moja au mbili msizitumie kujenga modeli. Zitunzeni za kuipima. Modeli inaweza kupendeza machoni huku imepinda sentimita 4 katikati, na bila alama hizo hamtajua.

Kile ambacho modeli haifanyi ni kuamua mpaka. Tabaka (104) linaishia wapi na (105) linaanzia wapi? Kamera imechukua rangi tu, haikusikia ugumu. Mtu anayechora analazimika kuamua kila sentimita, na asipokuwa na uhakika hutia mstari wa vitone. Mkiacha kuchora, maamuzi hayo yanahamia ofisini, mbele ya skrini, kwa mtu ambaye hawezi tena kukwaruza. Njia yetu tunayoipendekeza: chapisheni picha iliyonyooshwa siku hiyo hiyo au iwekeni kwenye tableti, rudini nayo shimoni, na mchore mipaka juu yake mkiwa mmesimama mbele ya udongo.

Tahadhari kwa fomu za tableti: menyu yenye majibu sita huzaa udongo wa aina sita. Acheni kisanduku cha maneno huru, na kiwe cha lazima.

SWALI: Nimepewa masanduku ya uchimbaji wa zamani kwa tasnifu yangu: vigae vilivyochaguliwa, picha, daftari moja. Naweza kufanya nini?

JIBU: Anza kwa kujua mchimbaji alikuwa anatafuta nini, maana ndicho alichokiandika. Great Zimbabwe ni onyo kubwa. Kati ya 1902 na 1904 Richard Hall aliondoa matabaka mengi ndani ya kuta akiamini ni uchafu wa Waafrika waliokuja baadaye juu ya mji wa wageni. Hayo ndiyo yaliyokuwa na ushahidi wa wenyeji waliojenga. David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walionyesha kuwa mji ni wa Waafrika, lakini Caton-Thompson ilibidi atafute gofu ambalo halijavurugwa, lile la Maund, ili apate matabaka ya kuaminika.

Kwako: orodhesha lebo zote, hata zilizofifia, na uzilinganishe na tarehe za daftari ili ujue mfuko upi ulichimbwa kabla ya upi. Jenga mchoro wa Harris kwa mahusiano yaliyoandikwa tu, na mengine uyaache wazi. Kama una kibali cha kurudi, fungua mtaro wa zamani na urudishe ukuta wake nyuma sentimita 20 hadi 30 mpaka ufikie udongo usioguswa. Chora matabaka, chukua mbegu au mkaa kwa kipimo cha umri cha kaboni 14 ukifunga kwa karatasi ya alumini, na uone kama kina cha daftari kinaoana na ulichokiona.

Halafu nenda kwenye lundo la udongo walioutupa. Chekecha ndoo 20 kwa milimita 3 na uhesabu. Usitegemee kujua vigae hivyo vilitoka tabaka gani, lakini utajua walikuwa wanaacha nini: labda vigae visivyo na nakshi, labda samaki wote. Kwenye majedwali yako tumia alama tatu tofauti: idadi iliyopatikana, sifuri kwa kilichotafutwa kisipatikane, na mstari mtupu kwa ambacho hakikutafutwa. Msimamizi wako akikuambia ujaze mistari hiyo kwa sifuri ili programu ya takwimu ikubali, kataa. Programu za takwimu kwa kawaida zina alama ya data inayokosekana.